Insulini ya mwaka 1922 Bado Haijafika Kipili

Makamanda, niko Kipili, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Nkasi. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ila hasira yenyewe ina tarehe na namba, kwa hiyo yule atakayekimbilia kusema "huyu kijana ametumwa" naye aje na tarehe zake na namba zake.

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliongeza kundi jipya la dawa za kisukari kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ni semaglutaidi, dulaglutaidi, liraglutaidi na tirzepataidi. Wengine mmeziona mitandaoni kwa majina ya biashara, Ozempic na Mounjaro, zikitajwa kama sindano za kupunguza mwili. Lakini kazi yake ya kwanza ni kisukari aina ya pili. Utumbo wa binadamu hutoa homoni baada ya kula. Homoni hiyo huiambia kongosho "sukari inakuja, toa insulini", huku ikiuambia ubongo "tumeshiba". Ya asili hudumu dakika chache tu mwilini. Wanasayansi wakahangaika miaka mingi kutafuta inayofanana nayo ila inayodumu, na moja ya njia ilifunguliwa na mate ya mjusi mwenye sumu anayeishi jangwani huko Marekani. Ndiyo, mjusi. Dawa iliyotokana na mjusi huyo iliruhusiwa mwaka 2005. Leo kuna sindano ya mara moja kwa wiki.

Na hawajaishia hapo. Katikati ya 2025 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya chembe za kongosho zilizooteshwa maabara na kupandikizwa kwa watu wenye kisukari aina ya kwanza. Kati ya wagonjwa 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuhitaji tena kujidunga insulini baada ya mwaka mmoja. Ulaya, tangu 2024, wameruhusu insulini ya kudunga mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

Sasa rudi Kipili. Sisi huku hatudai chembe za maabara, wala sindano ya wiki. Tunadai ile insulini ya kawaida, ya kwenye kichupa, ambayo mtoto wa kwanza kudungwa alidungwa Toronto, Kanada, Januari 1922.

Watu wa ziwani wataelewa vizuri zaidi nikiwapimia kwa meli yetu. Liemba mnaijua. Wajerumani waliiunda 1913, wakaizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Siku ile mtoto wa Kanada anadungwa insulini, Liemba ilikuwa bado imelala chini ya maji haya haya. Yaani insulini ilikuwa inaokoa watu kabla Liemba haijarudi kupiga honi hapa gatini. Na waliogundua dawa hiyo waliuza hataza yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, kwa sababu waliona si kitu cha kutajirikia. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mama wa Kipili anaambiwa dirishani, "Haipo, jaribu Namanyere." Akifika Namanyere anaambiwa jaribu Sumbawanga.

Mtu wa Dar anaweza kudhani "jaribu Namanyere" ni kama kuambiwa toka Sinza nenda Mwenge. Ni kama kilomita 60 za kupanda kutoka ziwani, kwa bodaboda au kwa gari la abiria linalosubiri mpaka lijae. Sumbawanga ni mbali zaidi, ni safari ya siku na kulala. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala, na siku mbili za kazi zilizopotea. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, hizo siku mbili zenyewe ni hatari. Hana akiba mwilini. Bila insulini, damu inaanza kuwa na tindikali, anatapika, anapumua kwa kasi na kwa kina, anapoteza fahamu. Na kwa kuwa mtoto anayetapika na kulegea huku kwetu kila mtu anawaza malaria, wapo wanaozikwa na cheti cha malaria, na wapo wanaozikwa huku majirani wakinong'ona kuhusu bibi fulani mwenye macho mekundu. Ufipa tunajua minong'ono hiyo inapoishia. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu na sekunde chache. Kingenyamazisha ugomvi wa koo mbili.

Sasa niwasomee jambo ambalo hawapendi lisomwe. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ya nchi hii inasema wagonjwa wa magonjwa sugu, kisukari kikiwemo, wanapata huduma kwa msamaha katika vituo vya umma. Msamaha! Hawatakiwi kulipa. Imeandikwa, imepigwa mihuri, imegawiwa hadi wilayani. Kwa hiyo kisheria shangazi yangu ni mtu wa kupewa dawa bure. Na kweli hajawahi kuuziwa insulini hospitali ya serikali hata siku moja, kwa sababu huwezi kuuziwa kitu ambacho hakipo. Anaandikiwa karatasi akanunue nje. Huo ndio msamaha wetu: dawa iliyopo unalipia dukani, dawa isiyokuwepo ndiyo ya bure.

Shangazi ana kisukari aina ya pili, miaka mingi sasa. Vidonge vilimshinda, akahamishiwa sindano. Mwaka jana alipata vichupa viwili kwa mkupuo, ilikuwa kama sikukuu. Nyumbani hakuna friji. Akaomba jirani mwenye duka amhifadhie kwenye friji la soda. Mwenye duka ni mtu mwema, akaviweka sehemu anayoona ni salama zaidi, kule nyuma ambako soda hugandia. Insulini iliyoganda imekufa. Ukiiyeyusha ni maji, haifanyi kazi. Hakuna aliyewahi kumwambia shangazi hilo, wala mwenye duka. Alijidunga maji wiki mbili, sukari ikapanda mpaka miguu ikaanza kuwaka moto na macho kuona ukungu. Wa kulaumiwa hapo si mwenye duka. Kwenye zahanati aliyopewa dawa, foleni ilikuwa ya watu wengi na mhudumu mmoja, na elimu ya mgonjwa ikawa ni sentensi moja: "Weka kwenye baridi."

Na kuhusu hilo la baridi, sayansi imeshatusaidia, tena sayansi iliyofanyika jirani hapa Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi kwenye kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, kisha wakaipima insulini katika joto la namna hiyo, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kwamba kichupa kilichoanza kutumika kinaweza kukaa wiki 4 katika hali hiyo bila kupoteza nguvu. Mkimbizi wa Dadaab aliruhusiwa kukaa na dawa yake nyumbani, ndani ya chombo cha udongo kinachopoza, badala ya kutembea kila siku hadi hospitali kudungwa. Mtungi, makamanda! Mama zetu wanaufinyanga. Sumbawanga mjini, ambako tunavaa makoti mchana, wala mtungi hauhitajiki sana. Huku chini ziwani joto lipo na mtungi ungefanya kazi. Kinachotakiwa ni mtu wa kuja kufundisha, na friji moja ya sola pale kituoni kwa vichupa ambavyo havijafunguliwa. Zile za chanjo zipo, ni teknolojia ya miaka mingi.

Najua jibu lenu, wenzetu wa kijani. Mtasema tumejenga. Na ni kweli mmejenga, sitasema uongo. Vituo vya afya vimeongezeka nchi nzima miaka hii, majengo yamepakwa rangi, Mwenge unapita kila mwaka na kukata utepe. Lakini jengo si dawa. Mgonjwa hajidungi tofali. Mnatupiga picha mbele ya jengo, halafu jioni gari linaondoka, na kabati la dawa linabaki na panadol na karatasi ya "nunua nje". Karema hapo juu yetu, ufukwe huu huu wa ziwa, mganga Adrian Atiman, Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta, alifika mwaka 1889 na akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Watu wa pande hizi wamejua dawa ya kisasa kabla ya Tanganyika kuitwa Tanganyika. Kwa hiyo msituambie eti ni mapema, eti taifa changa.

Na fedha? Tuongee fedha. Aprili 2001, Abuja, viongozi wa Afrika, wetu akiwemo, waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mwaka wa fedha 2024/25 bajeti ya serikali ilikuwa takribani shilingi trilioni 49.3, na Wizara ya Afya iliomba trilioni 1.3. Piga hesabu mwenyewe, haifiki shilingi 3 katika kila shilingi 100. Watasema fedha nyingine za afya zipo TAMISEMI, na ni kweli, mishahara ya zahanati na vituo inapitia huko. Haya, jumlisheni zote mtuletee, mtuonyeshe hiyo 15. Sisi tunasubiri tangu 2001, mimi wakati huo nilikuwa naota meno.

Insulini yenyewe si ghali kiasi cha kutisha serikali. Watafiti walikokotoa mwaka 2018 kwamba insulini ya binadamu ya kawaida inaweza kutengenezwa na kuuzwa kwa faida kwa dola kati ya 48 na 71 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima. Linganisha na shangingi moja la mkurugenzi. Sitaki kutaja bei ya shangingi, nyie mnaijua. Gawanya tu.

Badala yake nini kinatokea? Watoto wengi wenye kisukari nchini wanapata insulini kwa hisani. Kuna mradi wa kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark unaowapa watoto insulini bure, ukifanya kazi na Chama cha Kisukari Tanzania na serikali. Nawashukuru wote, kwa dhati, na wanaohudumu kwenye kliniki zile ni mashujaa. Lakini hisani ya kampuni si haki ya raia. Mtoto akifikisha umri fulani hisani inakwisha, kisukari hakiishi. Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisaini karatasi moja na misaada ikasimama bara zima kwa siku moja. Bado hatujajifunza? Na bima nayo: Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, ile ya shilingi 50,400 kwa mwaka, kwa hoja kwamba wanaojiandikisha ni wagonjwa tu. Jamani! Mzazi wa mtoto mwenye kisukari alitafuta kadi kwa sababu mtoto anaumwa, ndiyo. Angetafuta kwa sababu gani nyingine? Novemba mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, makofi yakapigwa. Mtu mwenye kadi akifika dirishani na kabati ni tupu, kadi hiyo anaisugulia nini?

Halafu kuna mtego mwingine ambao vijana wengi hatujauona, na ndiyo maana nimeanza na zile homoni mpya. Kampuni zinazotengeneza sindano za kupunguza mwili zimetajirika kupita maelezo. Novo Nordisk mwaka 2023 thamani yake sokoni ilizidi pato zima la mwaka la nchi yake ya Denmark. Faida iko kule. Insulini ya zamani ya maskini haina faida kama hiyo. Mwaka 2024 Afrika Kusini ilijikuta haina kalamu za insulini ya binadamu kwenye hospitali za umma, baada ya kampuni hiyo kutoendelea na mkataba wa kuzileta, na wagonjwa wakarudishwa kwenye vichupa na mabomba ya sindano. Afrika Kusini ile, yenye viwanda na wanasheria na wanaharakati wa dawa waliokomaa tangu enzi za vita vya ARV! Sisi tutapiga kelele na nani? Wakati huohuo hataza za semaglutaidi katika nchi kama India zinafikia kikomo mwaka 2026, viwanda vya India vimejipanga kutengeneza za bei nafuu, na watafiti wamekokotoa kwamba dawa ya mwezi mzima inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5, dawa hiyo hiyo ambayo Marekani bei yake ya orodha ilipita dola 900. Kwa hiyo mlango unafunguka. Serikali yenye akili ingekuwa imeshakaa na wenzake wa Afrika Mashariki kununua kwa pamoja, insulini kwanza, halafu hizo mpya kwa wenye moyo na figo zilizoanza kuharibika. Mwaka 2012 utafiti wa serikali yenyewe ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye umri kati ya miaka 25 na 64 wana kisukari. Huo ni mwaka 2012. Hatuongelei ugonjwa wa matajiri wa Masaki.

Nataka niingie kidogo kwenye jambo litakaloonekana liko mbali. Nivumilieni, narudi.

Desemba 2024 kampuni ya Google ilitangaza chipu ya kompyuta ya kwanta inayoitwa Willow, yenye kyubiti 105. Kyubiti ni kile kidubwasha kinachobeba taarifa ndani ya kompyuta hiyo, na tabia yake mbaya ni kwamba kinakosea hovyo. Joto kidogo, mtikisiko kidogo, kimepoteza kilichokuwa kimebeba. Kwa miaka mingi watu walisema kompyuta hizi haziwezekani kwa sababu ukiongeza kyubiti unaongeza makosa. Mwaka 1995 Peter Shor alionyesha kwenye karatasi kwamba inawezekana kusahihisha, ukitawanya taarifa moja kwenye kyubiti nyingi na kuweka wengine kazi yao iwe ni kuuliza tu, majirani wawili wawili, "mnakubaliana au mnapishana?" Hawasomi ujumbe wenyewe, wanatafuta ugomvi. Ugomvi ukionekana, unajua kosa liko wapi, unalirekebisha. Kwenye Willow maswali hayo huulizwa karibu mara milioni 1 kila sekunde. Na ndipo jambo kubwa likatokea: walipokuza gridi kutoka 3 kwa 3 kwenda 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, makosa hayakuongezeka. Yalipungua, kila hatua yakikatika karibu nusu.

Mpaka leo hakuna dawa ya kisukari dukani iliyotokana na kompyuta hizo, wanaosema vinginevyo wanauza maneno. Lakini lile wazo lenyewe ndilo limenikaa kichwani. Kitu dhaifu, kinachokosea, kinaweza kujengewa mfumo wa kutegemewa, kwa sharti moja: wale wanaouliza "mnapishana wapi?" waachwe waulize, na jibu lao lisikilizwe. Ukiwanyamazisha wao, kuongeza ukubwa ni kuongeza makosa.

Sasa tazameni nchi yetu. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alitumia neno "udhaifu". Novemba akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kule kulivunja Katiba, lakini kiti kilikuwa na mtu mwingine miaka mitatu tayari. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Kelele za dunia zikawafanya waiondoe mwaka uliofuata. Mei 2020, katikati ya korona, Rais alisema mapapai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na ugonjwa, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa, na takwimu za ugonjwa zikanyamaza zaidi ya mwaka mzima. Watu hawakuacha kufa kwa kuwa namba zimenyamaza. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Huwezi kuzima intaneti siku ile halafu kesho yake ukataka taarifa sahihi za dawa kutoka zahanati ya Kipili, maana mganga mfawidhi naye ana macho, anaona kinachowapata wanaosema kuna upungufu. Anaandika "dawa zipo kwa wastani." Ripoti inapanda Namanyere, inapanda Sumbawanga, inafika Dodoma ikiwa imepakwa mafuta. Waziri anasimama bungeni, anasoma, na wala hadanganyi kwa makusudi, anasoma alicholetewa. Kosa limesafiri ngazi zote bila mtu mmoja kuuliza.

Ndiyo maana mimi sikubali wanaosema "acheni siasa, tuongee maendeleo." Insulini ya shangazi ni siasa. Mwaka 2020, uchaguzi ule uliofyeka upinzani Bara nzima, Nkasi Kaskazini, jimbo hili la Kipili na Kirando, ndilo jimbo pekee la Chadema lililosalia, kwa Aida Khenani. Watu wa ziwani walituma ujumbe. Ulikuwa ujumbe wa watu wanaotaka mtu wa kuuliza maswali.

Halafu wanatuletea Dira 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, uchumi wa dola trilioni 1. Safi sana. Mimi ningependa kwanza tufike 1922.

Na kuna maumivu mengine yanayofaa kusemwa na mtu wa hapa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ziwa lilifungwa, miezi mitatu, uvuvi marufuku. Nia ni samaki wazaliane, migebuka na dagaa vimepungua kweli, wavuvi wenyewe wanakiri. Lakini hebu waza nyumba ya mvuvi mwenye mtoto wa kisukari. Fedha ya dawa ilitoka kwenye wavu. Wavu umekunjwa miezi mitatu. Aliyepanga kufunga ziwa alipanga samaki watakula nini. Kwa nini hakumpanga mgonjwa? Ingekuwa orodha fupi tu kutoka kila kata: nani anatumia insulini, nani ana shinikizo la damu, nani yuko kwenye dawa za kila siku. Dawa zao zipelekwe za miezi mitatu kabla ziwa halijafungwa. Si jambo la mabilioni hata kidogo.

Kwa hiyo tunadai nini? Insulini ya kawaida na vipimo vya sukari viwepo kila kituo cha afya cha ufukweni, si hospitali ya wilaya tu, na msamaha wa 2007 uheshimiwe kwa dawa, si kwa maneno. Friji ya sola, mtungi, na mtu wa kufundisha. Mtoto anayetapika apimwe sukari kabla hajaandikiwa malaria. Bohari ya Dawa itangaze hadharani, kila mwezi, kituo gani kiliagiza nini na kilipelekewa nini. Hilo la mwisho ndilo watakalolikataa kwanza.

Wakati wanakataa, sisi tunaanza. Vijana wa tawi la Kipili tumefungua daftari, la kawaida tu, la kurasa 96. Mtu akiambiwa "haipo", tunaandika tarehe, jina la dawa na kituo. Jina la mgonjwa hatuandiki, wala la mhudumu, maana mhudumu si adui, naye anaishiwa kama sisi. Mwisho wa mwezi nakala moja inakwenda kwa diwani, moja kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, moja inabandikwa ukutani gatini, pale ambapo kila anayeshuka kwenye boti ataisoma. Wakiichana tutabandika nyingine.

Kirando, Kabwe, Wampembe, Ninde, Kala: leteni na ninyi madaftari yenu. Kikao cha wilaya kikikaa, tunataka kuwa nayo yote mezani.